Tasnifu Zimejaa, Mji Haumo

Mtu akitaka kujua mtoto wa darasa la kwanza wa Bungoma alisomaje mwaka 2005, si lazima apande matatu hadi Kanduyi. Afungue American Economic Review ya mwaka 2011, jarida ambalo wanauchumi wengi hutamani kuandika humo hata mara moja maishani, atawakuta watoto hao wamehesabiwa, wamepimwa na kulinganishwa. Shule 121 za wilaya za wakati huo, Bungoma na Butere-Mumias, zilikuwa zimepewa pesa za kuajiri mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza lililofurika ligawanywe mara mbili. Katika shule 61 watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika 60 waligawanywa kwa alama, wenye kasi huku, wanaojikokota kule. Baada ya miezi 18 waliogawanywa kwa alama walikuwa mbele, na kilichowashangaza wasomaji wengi ni kwamba hata waliowekwa pamoja na wanaojikokota walinufaika.

Walioandika makala hayo ni Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kremer alikuwa amefundisha shule ya upili Kakamega miaka ya 1980, kabla jina lake halijavuka mipaka. Dupas alipata uzamifu wake Paris mwaka 2006, naye utafiti wake wa miaka hiyo aliufanya huku huku magharibi. Jirani, katika shule za msingi za Busia, Edward Miguel alikuwa ameshachota data ya kazi zake za mwanzo akiwa mwanafunzi wa uzamifu Harvard. Kuna watu waliojenga majina makubwa kwa kuhesabu minyoo matumboni mwa watoto wa Busia, nami sisemi hivi kwa kejeli. Hesabu hiyo ilisaidia kuisukuma serikali ianze kuwapa watoto wa shule dawa ya minyoo nchi nzima.

Kwa hivyo hakuna atakayesema kwamba elimu ya magharibi mwa Kenya haijatafitiwa. Swali ni lingine: utafute mji katika tafiti hizo.

Shule za majaribio ya 2005 zimeelezwa kama shule za mashambani. Miaka saba baadaye mradi wa PRIMR, uliojaribu njia mpya za kufundisha kusoma na hesabu, ulianza Nairobi, Kiambu, Nakuru na Kisumu. Ulipofika Bungoma na Machakos kwa pesa za Uingereza, ulipewa jina la upanuzi wa mashambani. Bungoma ikawa kijiji kwa tamko la mradi, stendi yake na stesheni ya reli na yote. Upande wa pili, kituo cha utafiti cha APHRC, ambacho tangu katikati ya miaka ya 2000 kimefuatilia shule za mitaa ya mabanda kuliko taasisi nyingine yoyote ninayoijua, kilianzia Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Kilipotoka nje ya Nairobi mwaka 2012 kilikwenda Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Nyeri. Gari lilifika Eldoret likageuka. Kitale iko mbele kidogo tu kwenye barabara hiyo hiyo.

Basi tuna maarifa ya aina mbili. Kuna kijiji cha magharibi, na kuna mtaa wa mabanda wa jiji. Sera ya elimu huandikwa kutoka kwa hivyo viwili, halafu inaletwa kutumika mahali ambapo si hiki wala kile.

Kitale ilikuwa na watu 106,187 katika sensa ya 2009. Ile ya 2019 ilipata watu 162,174. Hao ni watu zaidi ya 55,000 walioongezeka katika muda wa miaka kumi, wengi wao wakiwa na watoto au wakielekea kuwapata. Walimiminika Tuwan, Mitume, Matisi na Kipsongo. Wengine walitoka Mlima Elgon, wakikimbia mapigano ya 2006 hadi 2008 yaliyoanzia kwenye mgogoro wa ardhi wa Chepyuk. Wengine walifukuzwa mashambani na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na wengine hawakufukuzwa na mtu: shamba la baba lilikuwa limegawanywa mara nyingi hata halimtoshi mrithi. Watoto wote hao waliingia shule gani? Darasa lilijengwa wapi, nani alilijenga, mwalimu alitoka wapi? Haya ni maswali ya uzamifu hasa, na hayahitaji nadharia ngumu kuyaanza.

Miji hii miwili, Kitale na Bungoma, ingawa ni majirani na barabara yake ni moja kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, haikuzaliwa na mama mmoja. Kitale ni mji wa walowezi. Walipewa ardhi ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, reli ikawafikia mwaka 1926, na shule nzuri ikajengwa mjini kwa ajili ya watoto wao. Mwafrika aliingia pale kufyeka nyasi. Bungoma ilikua kando ya reli ya kwenda Uganda, stesheni na soko, na hakuna mlowezi aliyetaka shule hapo. Shule zilizompa Mbukusu jina zilisimama nje ya mji, kwenye ardhi ya misheni: Wakweka wakiwa Lugulu na Kamusinga, Wakatoliki wakiwa Kibabii.

Ramani hiyo haijafutika. Mzazi wa Bungoma mjini anayetafuta shule ya sifa bado huangalia nje ya mji, na kwa miaka mingi alifungasha sanduku la mtoto akampeleka bweni. Wa Kitale hutafuta ndani ya mji, katika shule zilizokuwa za walowezi ambazo zimebaki na viwanja vipana na miti mikubwa, huku shule zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wao zikibanana kwenye vipande vya ardhi. Mwishoni mwa 2022 serikali ilipotangaza kwamba bweni litakoma kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 9, kabla haijalegeza kamba, amri hiyo ilikuwa na uzito tofauti katika miji hii miwili. Huko Nairobi ilitolewa kama amri moja.

Kisha kuna sheria, na hapa ndipo mji unapotea kabisa. Mwanzoni mwa uhuru shule za msingi zilikuwa za serikali za mitaa. Sheria ya 1969 ya kuhamisha majukumu ikazipokonya halmashauri za wilaya shule, afya na barabara kuanzia Januari 1970, nazo manispaa za zamani zikaachiwa shule zao. Kwa hiyo kulikuwa na wakati, tena mrefu, ambapo mji ulikuwa na ofisi ya elimu iliyojua kwamba inaongoza mji. Wakati huo uliishia katika uchaguzi wa Machi 2013, serikali za mitaa zilipozikwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikuwa imeshaamua: chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti, shule za msingi na upili ni za serikali ya kitaifa. Miji yote miwili leo ina bodi za manispaa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011. Bodi hizo hushughulika na barabara, taka, taa na vibanda vya soko. Shule hazigusi.

Ingia basi katika uwanja wowote wa shule ya umma mjini Kitale. Kuna chekechea, mwalimu wake ameajiriwa na gavana. Hatua ishirini kutoka hapo ni Gredi ya 1, na mwalimu wake ni wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Tangu Januari 2023 kuna sekondari msingi ndani ya ua huo huo, yenye mgao wake wa pesa na walimu wanaobishana na mwalimu mkuu wa msingi kuhusu nani mkubwa. Choo ni kimoja. Bomba la maji ni moja, na bili yake inakuja kwa jina moja. Aliyepanga mtaa ule, akaruhusu nyumba za kupanga za ghorofa tatu zijengwe ukutani mwa shule, ni ofisi nyingine isiyoulizwa watoto wa nyumba hizo watasoma wapi.

Inawezekana kufanya tofauti, na Kitale penyewe ni ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika ambalo leo linaitwa Practical Action, wakati huo ITDG, lilikaa na baraza la manispaa pamoja na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa, wakapanga mitaa yao kwa pamoja. Walizungumza maji, vyoo, barabara za kupita. Mpango ule umeandikwa sana katika vitabu vya mipango miji, na wanafunzi wa ng'ambo huusoma. Sijaona wizara ya elimu ikikaa namna hiyo na mtaa wowote.

Tuje kwenye pesa. Elimu ya bure ya msingi iliporudi Januari 2003, uandikishaji ulipanda kutoka watoto milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Serikali ikaahidi kiasi kile kile kwa kila kichwa, na mgao huo wa shule ya msingi kwa miaka mingi umetajwa kuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Unaonekana ni haki: kila mtoto, bei moja. Lakini shule ya kijijini Trans Nzoia ina shamba. Inapanda mahindi, inachota maji ya mto au kisima, kuni zinaletwa na wazazi, na usiku mlinzi ni mzee wa jirani. Shule ya mjini hununua vitu hivyo vyote. Ina bili ya maji, ina ua unaohitaji kujengwa kwa mawe kwa sababu jirani anausogeza taratibu kila mwaka. Nchi nzima iliona mambo ya ardhi ya shule Januari 2015, watoto wa Lang'ata Road Primary walipopigwa mabomu ya machozi wakitetea uwanja wao, na serikali ikaahidi hati miliki kwa shule zote. Katika miji midogo wizi wa namna hiyo hufanyika bila kamera.

Na pesa hizo hufuata mtoto aliyesajiliwa. Ili asajiliwe kwenye mfumo wa kielektroniki wa wizara, alihitaji cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa kibarua aliyezaliwa shambani, mama akahamia Kipsongo, baba akaenda kutafuta kazi Turkwel, cheti anacho? Mwalimu mkuu mwenye utu humpokea, naye hukalia dawati lisilolipiwa na mtu. Nani amehesabu wangapi wanakaa hivyo Kitale? Nairobi kuna makadirio.

Yule asiyepata nafasi, au ambaye mama yake ameona watoto tisini darasani akatikisa kichwa, huenda shule ya mtu binafsi mtaani: vyumba vinne vya mabati, walimu waliomaliza kidato cha nne, karo ya kulipa kidogo kidogo kila Ijumaa. APHRC ilionyesha kuhusu Nairobi kwamba baada ya 2003 watoto wengi wa mabandani walisoma katika shule za aina hii hali elimu ya umma ni bure, kwa sababu shule za umma hazikuwa zimejengwa karibu nao. Serikali ilizitambua mwaka 2009 kwa sera ya utoaji mbadala wa elimu ya msingi, na mwaka 2015 ikatoa mwongozo wa kuzisajili. Wanasiasa na maafisa hupenda kuzifunga kila baada ya paa kuanguka mahali. Huwa hawasemi watoto wake waende wapi Jumatatu.

Lugha nayo ina hadithi yake, na mimi ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa inaonyesha vizuri jinsi utafiti wa kijiji unavyokwama ukifika mjini. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 sera imekuwa moja, hata ilipobadilishwa maneno: madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mahali penye mchanganyiko, Kiswahili kishike nafasi hiyo. PRIMR ilijaribu jambo hili kwa vitendo. Bungoma ilichapishiwa vitabu vya Lubukusu, Machakos vya Kikamba, na watoto wakapimwa. Walisoma lugha zao vizuri zaidi kuliko wenzao, jambo ambalo kila nyanya angeweza kulitabiri. Katika Kiswahili na Kiingereza, hata hivyo, lugha ya mama haikuwapa faida ya ziada juu ya ile iliyopatikana kwa mbinu mpya zenyewe. Wapenzi wa lugha za asili walisoma upande mmoja wa matokeo, wapinzani wao ule mwingine.

Sasa chukua kitabu hicho cha Lubukusu ukifikishe Kitale. Darasa moja lina Mbukusu, Msabaot, Mnandi, Mturkana, Mpokot, Mkisii na Mkikuyu, na Mtachoni anayenung'unika kila anapohesabiwa kuwa Mbukusu. Kiswahili ndicho wanachokichezea mpira. Sera inakubali hilo. Ila shule ya binafsi iliyo ng'ambo ya barabara huandika langoni kwamba Kiingereza ndiyo lugha pekee, mzazi hulipa hasa kwa ajili ya bango hilo, na mwalimu wa shule ya umma, akiona madawati yanaanza kubaki wazi, naye huacha Kiswahili. Bungoma mjini ni kati kwa kati: Lubukusu ni lugha ya soko, lakini mtoto wa afisa wa benki kutoka Nyeri na mtoto wa fundi wa Kiteso wamo darasani pia. Mwalimu wa Gredi ya 1 anaamua mwenyewe saa mbili na robo asubuhi. Uamuzi huo, unaofanywa upya kila siku katika mamia ya madarasa, ndiyo sera yenyewe ya lugha mijini, na haujaandikwa.

Hapa kazi ya Miguel inafaa kukumbukwa. Mwaka 2004 alilinganisha Busia na Meatu, Tanzania. Aligundua kwamba upande wa Kenya jamii zilizochanganyika makabila zilichangia shule zao pesa kidogo sana kuliko zile za kabila moja, na Meatu tofauti hiyo haikuonekana. Yeye aliona sababu katika ujenzi wa taifa wa Tanzania, Kiswahili kikiwemo. Mtu anaweza kubishana na maelezo yake. Lakini kama alivyosema ni kweli kwa vijiji vya Busia, basi Kitale, ambako mchanganyiko ndiyo hali ya kila mtaa, kamati ya shule inafanyaje harambee? Labda mji umevumbua njia ambazo kijiji hakina: chama cha wenye matatu, kanisa, Sacco ya sokoni. Labda haukuvumbua chochote. Ni mtu wa kukaa hapo miaka mitatu atakayetuambia.

Na watu wa kukaa miaka mitatu wapo. Mkazi wa miji hii anayetaka uzamifu wa elimu ana Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Masinde Muliro Kakamega, Maseno, na tangu 2015 Kibabii imekuwa chuo kikuu kamili hapo hapo karibu na Bungoma. Wanaosoma wengi ni watu wazima: walimu wakuu, maafisa wa elimu, wahadhiri wasaidizi. Wanasoma wikendi na likizo, karo ikitoka kwenye mkopo wa Sacco. Hawana mfadhili wa kulipa mshahara wa walimu wa ziada ili waone kitakachotokea.

Wanachoandika, mara nyingi, unaweza kukikisia kabla ya kufungua jalada. Athari za kitu fulani kwa matokeo ya wanafunzi katika shule za umma za Kaunti Ndogo ya Fulani, Kenya. Badili kitu, badili kaunti ndogo. Ukubwa wa sampuli hutoka katika jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, mbinu katika kitabu cha Mugenda na Mugenda, na majibu katika hojaji ambamo mwalimu hutia alama kati ya kukubali sana na kukataa kabisa, akiwa amesimama, chai ikipoa. Nimezisoma nyingi. Baadhi ni kazi ya mikono safi kabisa. Tatizo langu liko kwenye yale maneno mawili yanayopita kimyakimya: kaunti ndogo.

Mji wa Bungoma umo ndani ya Bungoma Kusini, pamoja na mashamba ya miwa. Kitale iko Trans Nzoia Magharibi, pamoja na mashamba ya mahindi. Mtafiti huchukua orodha ya shule kutoka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, kwa kuwa hiyo ndiyo orodha iliyopo, anachagua kwa nasibu, anakokotoa wastani. Wastani wa shule iliyo nyuma ya stendi na shule iliyo katikati ya mahindi si shule yoyote unayoweza kuitembelea. Na maneno mengine mawili, shule za umma, yameshawatoa wale wa vyumba vinne vya mabati. Mtoto wa Tuwan hayumo katika tasnifu hata iliyoandikwa na jirani yake.

Sitawalaumu wanafunzi peke yao. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka masharti kwamba mhadhiri awe na uzamifu na ikawapa wasiokuwa nao miaka mitano. Vyuo vikakimbia. Juni 2019 chuo kikuu cha JKUAT kiliwatuza watu 118 uzamifu kwa siku moja, nchi ikashtuka, tume ikaingia kukagua. Mtu anayekimbizana na tarehe haanzishi utafiti wa kuwafuata watoto kwa miaka miwili. Hugawa hojaji. Na msimamizi mwenye wanafunzi kumi na wawili humshauri afanye hivyo hivyo, kwa wema kabisa, ili amalize.

Gharama ya kutokuwa na utafiti wa mahali penyewe tumeiona, tena kwa jambo lililoanzia Bungoma. Yale majaribio ya 2005 yalikuwa na sehemu ya pili iliyochapishwa 2015, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko ile maarufu. Walimu wa ziada waliajiriwa na kamati za shule kwa mkataba wa mwaka, kwa robo ya malipo ya mwalimu wa kawaida. Madarasa yakapungua kutoka wastani wa watoto 82 hadi 44. Watoto waliobaki na mwalimu wa serikali hawakuongeza alama kwa kiasi cha kutajika. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba waliongeza. Mwalimu wa serikali, alipoona msaidizi amefika, alipunguza kasi, na kiasi cha theluthi moja ya nafasi hizo za mkataba zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwemo. Wazazi walipofundishwa kuisimamia kamati, yote mawili yalipungua.

Serikali ikaipenda nusu ya jibu. Iliajiri walimu wa mkataba kama 18,000 nchi nzima, chama cha walimu cha KNUT kikapinga, na mgomo wa 2011 ukamalizika kwa ahadi ya kuwaajiri moja kwa moja. Watafiti, Wakenya Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu wakiwemo, walifuatilia jaribio la mpango huo: mkataba ule ule ukitolewa na shirika lisilo la serikali ulipandisha alama, ukitolewa na serikali haukupandisha chochote. Zaidi ya miaka kumi baadaye sekondari msingi ilipoanza bila walimu, dawa ikawa ile ile kwa jina jipya, walimu wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba TSC ilikiuka haki zao, walimu wakagoma, na Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Kisha wanagenzi wengine wakaajiriwa.

Kijijini mwalimu wa mkataba ni mtoto wa hapo, anaishi kwao, anakula kwao. Mjini Kitale mwanagenzi hulipa kodi ya chumba, hununua maji kwa mtungi, hupanda boda boda. Shilingi 20,000 kabla ya makato ni mshahara tofauti katika sehemu hizo mbili, na nani angedhani mwalimu wa mjini atakaa mwaka mzima bila kutafuta kazi ya jioni? Bungoma ya mashambani ndiyo iliyojibu swali. Jibu likatumika Kitale mjini bila mtu kuuliza upya.

Ningekuwa msimamizi wa tasnifu, ningempeleka mwanafunzi wangu kwenye kabati la mwalimu mkuu na kumwomba afungue daftari la usajili. Shule za zamani zina madaftari ya miongo kadhaa, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Kila mtoto ana mstari wake: jina, mzazi, shule aliyotoka, siku aliyoingia, siku aliyoondoka na sababu. Humo kuna wimbi la 2003, kuna waliofika wakiwa hawana viatu mapema 2008, kuna waliohamia shule ya mabati na kurudi baba alipopata kazi, kuna waliotoweka Gredi ya 6 na safu ya sababu ikaachwa tupu. Linganisha shule nne za Kitale na nne za Bungoma, na usiite sampuli. Halafu mfuate mtoto mmoja mmoja nyumbani.

Wakati wenyewe ni mzuri. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, likagawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Litamaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028. Uzamifu haupungui miaka mitatu, kwa hiyo mtu akijisajili Kibabii au Moi sasa anaweza kutembea na watoto hao tangu chaguo lao hadi mtihani wao, aone njia gani zinapatikana kwa mtoto wa Matisi na zipi zinapatikana kwa aliye na nauli ya kwenda Kamusinga. Kibali cha utafiti cha NACOSTI huombwa mtandaoni. Hudumu mwaka mmoja, kwa hivyo atakihuisha angalau mara mbili, na barua ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti ataitafuta mwenyewe: Kitale ofisini kwake, na Bungoma kwa mwenzake.